Usiku wa Jumatano usiwape

Binti yangu mpenzi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema studio moja huko New York imekupa kazi ya kudumu, kupuliza tarumbeta kwenye muziki wa televisheni na matangazo ya biashara, siku nne kwa wiki. Ukauliza: nikikubali, baba, nitabaki mwanamuziki wa jazi au nitageuka kibarua? Lakini nyuma ya sauti yako nilisikia kingine. Vidole vyako vilikuwa vinabonyeza pistoni, tik, tik, tik, bila kupuliza. Ndivyo ulivyofanya tangu shule ya msingi, ukiwa na jambo linalokutisha. Basi mama, nisikuzungushe: ikubali hiyo kazi. Ila nina sharti, nalo nitalifikia.

Kwanza hilo neno kibarua. Unajua tarumbeta niliianza jeshini, ndiko nilikosomea nota, kisha nikaingia bendi ya dansi hapa Dar es Salaam. Siku zile kurekodi ilikuwa bendi nzima chumba kimoja, utepe unazunguka, mmoja akikosea wote mnarudi mwanzo. Kuna wimbo wa dakika saba tuliupiga vizuri hadi ukingoni. Waimbaji wamemaliza, magitaa yametulia, yamebaki mapigo manne ya sisi wapulizaji. Mdomo wangu ulikuwa umechoka. Noti ya mwisho ikapasuka kama kikombe. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Mpiga tumba alijifuta jasho kwa shati, akarudisha mikono juu ya ngozi, tukaanza upya. Tangu siku hiyo sijamdharau mtu anayekula kwa kazi ya studio. Jukwaani noti ikikuponyoka inaondoka na moshi wa nyama choma. Studio inabaki.

Sasa nikupe mtu wa huko huko uliko. Clark Terry unamjua kwa santuri zake. Leo nataka umtazame kama mfanyakazi. Alizaliwa St. Louis mwaka 1920, nyumba ya watoto wengi na pesa hakuna. Tarumbeta yake ya kwanza aliiunda mwenyewe: mpira wa kumwagilia bustani akaukunja na kuufunga, mbele akachomeka faneli, pa kupulizia akaweka kipande cha bomba. Kelele zikawashinda majirani, wakachanga dola 12.50 wakamnunulia tarumbeta ya kweli kwenye duka la rehani. Wakati wa vita alipiga katika bendi ya jeshi la majini, 1942 hadi 1945, na hapo nakiri namuona kama ndugu. Akapita bendi ya Count Basie, kisha ya Duke Ellington kuanzia 1951 mpaka 1959.

Mtu huyo, mwenye sifa zote hizo, mwaka 1960 aliajiriwa na NBC, shirika la televisheni, kuwa mwanamuziki wa studio. Enzi hizo mashirika makubwa ya televisheni ya Marekani yalikuwa na okestra zao za kudumu, na viti vile karibu vyote vilikuwa vya wazungu. Urban League, jumuiya inayopigania haki za watu weusi, iliwabana, na Terry akawa mweusi wa kwanza kuingia katika wanamuziki wa kudumu wa NBC. Pima uzito wake, mama. Noti ikimpasukia yeye, isingesemwa Terry amekosea. Ingesemwa watu weusi hawawezi. Na kila siku alikaa pale, katika bendi ya Tonight Show, kipindi cha usiku cha mazungumzo, akisoma chochote kilichowekwa mbele yake.

Usiku je? Usiku alikuwa klabu ya Half Note, New York hiyo hiyo, pamoja na Bob Brookmeyer wa tromboni, wanapiga jazi yao. Mwaka 1964, akiwa bado na ajira, akarekodi na mpiga piano Oscar Peterson na wenzake, na humo akaimba maneno yasiyo maneno, ya kumung'unya tu, watu wakayapenda hadi leo. Kuna nyakati alishika flugelhoni, ndugu wa tarumbeta mwenye sauti laini, mkono mmoja na tarumbeta mkono wa pili, akawa anajiuliza kwa hii na kujijibu kwa ile. Niambie kama huyo ni mtu aliyekaushwa na studio.

Kisha ikaja 1972. Kipindi kikahamia California. Terry hakuhama. Ajira ya miaka kumi na miwili ikaishia hapo. Nisikilize vizuri sasa, maana ndipo jibu langu lilipo. Alikuwa na pa kwenda. Alikuwa na bendi yake kubwa, na vilabu vilivyomzoea, na vijana aliokuwa akiwafundisha Harlem. Angevipuuza vyote hivyo miaka ile kwa sababu mshahara upo, angevianza akiwa na miaka 51, na mdomo wa mpulizaji haungoji mtu.

Kwa hiyo sharti langu ni usiku wa Jumatano. Uliniambia Jumatano unapiga na wenzako watatu kwenye kile kiklabu cha chini ya ardhi, mnagawana kinachopatikana, na mara nyingine kinachopatikana ni nauli. Siku moja studio watakuomba Jumatano. Hawatakuomba kwa ubaya. Watakuomba kwa heshima, watakuongeza pesa, watasema ni leo tu. Kataa hiyo leo tu. Siku nyingine zote wape jasho lako lote, fika mapema, usibishane na aliyeandika muziki. Jumatano ni yako.

Kazi yenyewe itakunoa, hilo halina shaka. Utakabidhiwa karatasi usiyowahi kuiona, mtaipitia mara moja, taa nyekundu inawaka na mdundo unagonga kwenye hedifoni. Saa hii wanataka sauti ya gwaride, saa ijayo wanataka ya kanisani. Siku watakayokuchosha kwa noti za juu, usiende kulala hivyo hivyo. Malizia na noti ndefu za chini, taratibu, dakika kumi, mdomo upoe. Hili nilijifunza nikiwa nimechelewa, na meno yangu yanalijua.

Umesema kinachokuuma zaidi ni jina kutoandikwa. Sitakuambia haliumi. Nimo katika nyimbo ambazo redio zinapiga mpaka leo, na mtangazaji humtaja mwimbaji, humtaja mpiga solo, basi. Huko Uingereza alikuwepo Derek Watkins, aliyepuliza katika muziki wa filamu za James Bond tangu ile ya kwanza ya 1962 hadi ya 2012, miaka hamsini. Dunia nzima imeisikia pumzi yake na wengi hawamjui. Ila Dizzy Gillespie, gwiji wa tarumbeta ya jazi, alimjua, akampa jina la Mr. Lead, yaani yule anayewaongoza wenzake wote wa tarumbeta. Hata hilo neno jazi lisikukoseshe usingizi. Kwetu tulikuwa na Morogoro Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz, na muziki wao ulikuwa dansi, na watu waliufuata maili nyingi kwa miguu.

Mama yako hajawahi kusoma nota hata moja. Lakini redio ikipiga wimbo wa zamani, akiwa jikoni na mikono imejaa unga, husema, "Hiyo ni wewe, si yule mwenzako." Hajakosea hata siku moja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ukishairekodi, tutumie. Usituambie ni tangazo la nini, wala kama ulikaa kiti cha pili au cha tatu. Tutatoa viti barazani jioni, tuisikilize, na mama yako ataniambia ulipo.

Baba yako