Swali la lugha: Mbona i++ ni ya tamati na inatoa thamani ya awali?

Mwalimu wa kompyuta aliye Kondele, Kisumu, ameniandikia: "Nafundisha lugha ya C kwa Kiswahili jioni. ++i nimeiita ongezo la kiambishi awali, na i++ ongezo la kiambishi tamati. Nikisema i++ hutoa thamani ya awali, wanafunzi wanaruka: mwalimu, si umesema hiyo ni ya tamati? Nitumie maneno gani?"

Kwa msomaji mgeni: katika C, ambayo ni lugha ya kuandikia programu, i ni jina la namba iliyohifadhiwa, na ++ huiongeza moja. Wanafunzi wako hawajakosea. Umelitwika neno "awali" mizigo miwili, mahali na wakati, na hapa mizigo hiyo inavutana. Alama ikikaa awali, inayotoka ni thamani mpya. Ikikaa tamati, inayotoka ni ile iliyokuwepo.

Je, ++ ni kiambishi kweli? Wapo watakaokataa, kwa kuwa viambishi vyetu vingi vina makao yao: -na- ya wakati haihamii mwishoni mwa kitenzi. Lakini itazame O-rejeshi. "Anayesoma" na "asomaye" zina -ye- ile ile na mzizi ule ule. Wa kwanza unamwona sasa hivi na kitabu mkononi. Wa pili hafungwi na wakati, ni mtu wa kusoma tu. Kirejeshi kimehama kutoka kabla ya mzizi hadi baada yake, na maana imesogea nacho. Tofauti ni kwamba sarufi hukulazimisha ("ayesoma" hakuna), ilhali mwandishi wa programu huchagua. Kwa hiyo awali na tamati naziunga mkono, kwa mahali pekee. Usikimbilie "mbele" na "nyuma": neno lililo mbele ya jingine laweza kuwa linalotangulia au linalofuata, na utajiletea maswali mapya.

Kwa upande wa thamani, sema "ya zamani" na "mpya". Kisha wapeleke stejini. Matatu ya viti 14 ina abiria 13. Makanga wa ++i anamwingiza abiria, anamwambia dereva: "Kumi na nne!" Makanga wa i++ naye anamwingiza abiria huyo huyo, ila anayoitaja ni 13, hesabu aliyoikuta. Ndani ya gari wote wawili wana abiria 14. Kilichotofautiana ni namba aliyoisikia dereva. Ndiyo maana ukiandika x = i++ huku i ikiwa 13, x inapata 13 na i inabaki na 14. Dereva asiposikiliza, yaani i++ ikisimama peke yake kama katika kitanzi cha kuhesabu (sehemu ya programu inayorudiwa-rudiwa), hakuna tofauti ya matokeo.

Jihadhari na -ka- ya mfuatano. "Akataja, akaingiza" inaahidi utaratibu ambao C haiahidi. Lugha hiyo inakuhakikishia namba itakayotajwa, si nukta hasa ambayo abiria atakanyaga ngazi. Ndiyo sababu i = i++ katika C haina maana inayotabirika, na mwanafunzi anayeieleza kwa "kisha" na "halafu" hujiona ameielewa.

Alama yenyewe aliibuni Ken Thompson katika lugha ya B, ambayo Dennis Ritchie aliikuza ikawa C mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baadaye, mwaka 1983, ikaja C++, jina lenye ongezo la tamati. Waulize wanafunzi wako: kwa sheria tuliyoieleza, anayelisoma jina hilo anapata lugha mpya au C ya zamani? Jibu litawachekesha.

Jambo dogo, ingawa hukuliuliza. Mahali pengine katika barua yako umeyaita maandishi ya programu "kodi". Andika "msimbo". Kodi, hasa mwisho wa mwezi, ina mwenyewe, na anajua mlango wako.