Mjusi wa Buluu wa Kimboza: Ushauri kwa Anayeanza Kufuga

Wanaoanza kumfuga mjusi mdogo wa buluu, ambaye wanasayansi humwita Lygodactylus williamsi, huuliza kwanza bei ya taa na ukubwa wa sanduku la kioo. Ningependa waulize kwanza anaishi juu ya mti gani, kwa sababu takriban kila jambo la matunzo yake linatokana na jibu hilo.

Porini anapatikana Tanzania peke yake, katika msitu wa Kimboza na vipande vichache vya misitu vya jirani, chini ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Huko nako hukaa juu ya aina moja ya mkadi, Pandanus rabaiensis, ambao majani yake ni marefu, yana miiba pembeni, na hushika maji ya mvua pale yanapoungana na shina. Kwa kawaida mkadi mmoja huwa na dume mmoja mwenye himaya, pamoja na majike na watoto. Tofauti na mjusi kafiri tunayemwona ukutani usiku, huyu hutembea mchana na hupenda jua, na chini ya ncha ya mkia wake kuna vibandiko kama vile vya vidoleni, vinavyomsaidia kushikilia jani.

Kwa hiyo chagua sanduku lenye kimo kuliko upana. Kwa jozi moja, sentimita 30 kwa 30 kwa 45 kwenda juu zinatosha, mradi ndani mwake kuna mianzi na mimea yenye majani magumu yaliyosimama. Weka taa yenye miale ya UVB, yaani miale isiyoonekana kama ile iliyomo katika jua, na sehemu moja ya juu ya kuota joto ifike nyuzi 30 hadi 32, huku kwingine kukibaki kati ya 24 na 28 ili mjusi achague mwenyewe. Usiku acha joto lishuke. Nyunyiza maji asubuhi na jioni, kisha acha majani yakauke, kwani sanduku lililoloa kutwa nzima bila hewa huleta ukungu na maradhi.

Usiweke madume wawili pamoja, hata kama wanaonekana wamezoeana. Dume mwenye himaya hung'aa buluu, na aliyeshindwa hufifia na kufanana na jike, ambaye ni wa kijani au kahawia. Ndiyo maana wauzaji wasio makini, na wengine walio makini kupita kiasi na faida yao, huwauzia wageni madume wawili kwa jina la jozi. Kagua vinyweleo vilivyo mbele ya tundu la haja, ambavyo kwa dume huonekana wazi.

Chakula ni nzi wadogo wa matunda na nyenje wachanga waliopakwa unga wa kalsiamu, na mara mojamoja tone la matunda yaliyopondwa. Jike anayetaga huhitaji kalsiamu zaidi, hivyo mwachie kikombe kidogo cha unga huo. Hutaga mayai mawili yenye ganda gumu na kuyagandisha kwenye mwanzi au kioo. Usiyabandue, yatavunjika, yafunike kwa kikombe chenye matundu madogo sana, maana watoto wanaoanguliwa hupenya mahali usipopadhania, na wakubwa wanaweza kuwala.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, dai karatasi za asili yake. Kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakusanyaji lilichukua zaidi ya mijusi 32,000 kutoka porini, na njia iliyotumika mara nyingi ilikuwa kuukata mkadi wenyewe ili kuwafikia waliomo kileleni, kwa hiyo hata waliosalia walikosa makao. Mwaka 2012 alitangazwa kuwa hatarini kabisa kutoweka, na tangu mwaka 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambacho hakiruhusu biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, hata aliyezaliwa kwenye sanduku huuzwa kwa cheti. Muuzaji akikuambia cheti kitafuata baadaye, mwachie mjusi wake.