Redio ya mkononi juu ya Pen y Fan

Ndugu yangu wa Cardiff, unasema umepata leseni ya Foundation (ngazi ya kwanza ya redio ya ridhaa Uingereza), una redio ya mkononi ya wati 5, na unaogopa ni ndogo mno kwa SOTA (Summits on the Air, mchezo wa kukusanya pointi kwa kuwasiliana kwa redio kutoka vileleni) pale Pen y Fan, kusini mwa Wales. Inatosha. Mlima wenyewe, mita 886, ndio mnara wako.

Kile kiantena kifupi kilichokuja na redio kiache nyumbani. Funga antena ya waya kwenye ufito wa kuvulia samaki. Mimi nilianza kuwasikia watu ambao kabla yake hata mkwaruzo wao sikuupata. Ita kwenye 145.500 MHz FM, masafa ya kuitana, ukijibiwa hamieni masafa mengine. Ukiwasiliana na vituo 4 tofauti (yaani watu wanne wenye redio), pointi ni zako, mradi usiwe zaidi ya mita 25 za wima chini ya kilele. Jenereta hairuhusiwi (nani angeibeba?).

Tangaza safari mapema kwenye SOTAwatch, tovuti ya SOTA ya matangazo hayo, la sivyo Jumanne mchana utaongea na upepo.

Betri iweke ndani ya koti, baridi huimaliza. Ukisikia radi, shusha ufito uteremke, hata kama umebakiza kituo kimoja. Ukiumia piga 999, omba polisi, kisha waokoaji wa milimani.