Kabla hujafungua shirika la amani, shika kesi moja ya shamba

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Uvira, mashariki mwa Kongo, ameniandikia: "Kaka, nataka kuanzisha shirika la amani huku kwetu. Nianzie wapi, na wafadhili nawapataje?" Najua wengi mnaonisoma mna kiu hiyohiyo, kwa hiyo namjibu hapa.

Mimi nimezaliwa Mishamo, Tanzania, kambini. Wazazi wangu walikimbia Rumonge mwaka 1972, mauaji yalipoanza kusini mwa Burundi tarehe 29 Aprili na jeshi likalipiza kwa kuua Wahutu nchi nzima. Tuliporudi, shamba la baba la michikichi tulilikuta mikononi mwa familia nyingine, na karatasi ya serikali wanayo. Hawakuwa wezi, waligawiwa. Baba alikaa barabarani akalitazama shamba lake, hakusema neno. Hapo ndipo nilipojua nitafanya kazi gani maishani.

Mkataba wa Arusha, ule wa amani ya Burundi, sikubali mtu aubeze. Mwalimu Nyerere aliusimamia mpaka alipofariki Oktoba 1999, Mandela akaupokea, ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Ulileta jeshi la nusu kwa nusu kati ya Wahutu na Watutsi, na bunge la asilimia 60 kwa 40. Waasi wa CNDD-FDD nao wakakubali kuweka silaha chini mwaka 2003, baada ya vita vilivyoanza alipouawa Rais Ndadaye mwaka 1993 na kuua watu wapatao 300,000. Vyeo viligawanyika. Lakini shamba la ekari moja lenye wenyewe wawili utaligawa kwa asilimia gani? Serikali iliunda tume ya ardhi, CNTB, mwaka 2006, mafaili yakajaa, na katika mengi niliyoyaona pande zote mbili zilikuwa zinasema kweli.

Nilianza kwa kuwafuata Bashingantahe, wazee wa jadi wanaosuluhisha ugomvi Burundi, nikiwabebea madaftari. Miaka hiyo siisimulii, ilikuwa ya kukaa na kusikiliza tu. Kesi iliyonifungua macho ni ya michikichi. Wapimaji walikuwa wamekuja na kamba wakakata shamba katikati, sawasawa kabisa, na wiki hiyohiyo mapanga yakatoka. Nikaenda kutembea mpakani. Nusu ya waliorudi ilikuwa na miti mizee, mirefu, ya kukwea kwa shida na kuzaa shada moja moja. Michikichi michanga yote ilikuwa upande wa pili. Halafu mjane wa yule aliyegawiwa akaniambia, "Mume wangu nimemzika hapo. Nikihama namwachia nani?"

Tuliacha kamba. Tukawaita watoto wa kiume wa nyumba zote mbili wakahesabu miti mmoja mmoja, pamoja, wakiifunga nyuzi za mgomba: huu wa kwenu, huu wa kwetu, mzee kwa mzee, mchanga kwa mchanga. Njia ya kwenda kaburini ikaandikwa kwenye karatasi. Wakaweka vidole gumba mbele ya chifu wa mlima, yaani kiongozi wa kijiji. Mpaka leo hakuna aliyerudi mahakamani, na hilo naona fahari nalo, sifichi.

Basi ushauri wangu ni huu. Nenda mwenyewe shambani. Msikilize kila mmoja nyumbani kwake, peke yake, kisha urudi umsikilize tena, kwa sababu siku ya kwanza watu husema ya hasira tu. Maneno ya huku usiyapeleke kule. Wanawake wasikilize mapema. Wao ndio wanaojua nani alipanda nini na nani kazikwa wapi.

Kamera iache nyumbani. Kuna shirika moja lilikuja baadaye likazipiga picha familia zile, likaandika ripoti kana kwamba kazi ni yake. Wazee hawakutajwa hata mmoja. Mmoja wao amefariki bila kusikia asante, na jambo hilo bado linaniuma. Ndugu zangu, tumezoea fulana zenye maandishi, semina za hotelini na posho ya nauli, huku jirani zetu wanalala na panga chini ya godoro. Tuone haya. Watu wamezika watoto wao katika vita hivi, nasi tunagombania nani akae meza ya mbele.

Wewe wa Uvira, bonde la Ruzizi limekuzunguka. Wafugaji na wakulima wanagombana humo ng'ombe wakishaingia mashambani. Chukua ugomvi mmoja, wa mifugo michache na shamba moja la mahindi, ukae nao mpaka uishe. Usajili utafuata. Ukipata karatasi yenye vidole gumba vya pande zote mbili, niandikie tena. Hapo tutazungumza habari ya wafadhili, nami nitakuonyesha jinsi ninavyoandika ombi.