Usiwachore pale wanapolala

Mkuu, weka hiyo brashi chini kwanza. Unauliza rangi ipi inastahimili mvua na wafadhili waandikiweje, huku mpango wenyewe ni kuchora nyuso za watu wasio na makazi kwenye ukuta wa uchochoro wanamolala. Mimi nilichora nyuso nne za namna hiyo.

Ruhusa ya mwenye jengo nilikuwa nayo. Wahusika walikubali, wawili wakanisaidia hata kuchanganya rangi. Mratibu wa mradi alituhakikishia kwamba wakishaonekana hakuna atakayewagusa. Hadi leo nina hasira naye. Hakuwahi kuwauliza kwa nini walichagua uchochoro ule, na jibu lilikuwa jepesi: hauonekani. Kujificha ndiko kulikokuwa kunawalinda, sisi tukawamulika.

Siku ya uzinduzi kamera zilijaa. Wiki ya tatu walinzi wakaanza kuwaamsha usiku wa manane, eti wanachafua sehemu ya wageni. Kisha likaja geti. Mwenye jengo akatia picha ya mchoro wangu kwenye tangazo la kupangisha vyumba. Mama niliyemchora wa kwanza alirudi kutafuta blanketi lake; akasimama nje ya geti, uso wake uko ndani, yeye hawezi kuingia. Nilikuwepo. Sikuwa na la kumwambia.

Niliomba kuufuta, nikakataliwa. Ukuta ni wa mwenyewe, na mkataba niliusaini bila kuweka kipengele cha kufuta.

Tena si mimi peke yangu. Kule Kreuzberg, Berlin, msanii Blu alichora kuta mbili kubwa mwaka 2007 na 2008, kando ya kiwanja ambacho baadaye watu walijengea vibanda na mahema. Septemba 2014 wakaondolewa. Desemba mwaka huohuo michoro yote ikapakwa rangi nyeusi kwa ridhaa yake, maana ilishaanza kuwa chambo cha wauza majengo.

Kwa hiyo shika hili moja: wanaolala nje ndio waamue kionyeshwe nini, na kionyeshwe wapi. Msanii Krzysztof Wodiczko, New York mwaka 1988, alikaa na watu wasio na makazi waliookota makopo na chupa, akawasikiliza, ndipo akaunda kigari cha kulalia, kunawia na kubebea mzigo wao. Hakuna uso wa mtu uliowekwa ukutani.

Na kama mtaani kwako kuna wanaobomolewa nyumba na kuhamishwa, chora milango yao iliyobomolewa, kila mlango na idadi ya miaka familia iliyokaa humo. Ukuta tafuta unaotazamana na ofisi zinazosaini amri za kubomoa. Huko ndiko macho yanakohitajika.

Rangi ya nje yoyote nzuri itadumu, mradi ukuta umekauka. Lakini kabla hujanunua hata kopo moja, nijibu: umeshawauliza kwa nini wanalala pale?