Maswali ya Wasomaji: Kocha Hanichezeshi, Nifanyeje?

SWALI: Assalaam aleikum wahariri. Mimi ni kijana wa miaka 19, nachezea timu ya mtaa hapa Malindi kama winga wa kulia. Msimu huu wote nimekuwa wa benchi. Nikibahatika naingia dakika kumi za mwisho, na kuna mechi nilizokaa hadi kipyenga cha mwisho. Anayeanza badala yangu namshinda mbio, namshinda chenga, na mashuti yangu yana nguvu kuliko yake. Mchana naendesha bodaboda, jioni naenda mazoezini. Wengine wananiambia nimkabili kocha mbele ya wenzangu, wengine wanasema nihame. Nimechoka kurudi nyumbani na jezi kavu.
Winga, Barani

JIBU: Waaleikum salaam, mdogo wetu. Umetaja mbio, chenga na mashuti. Yote matatu ni mambo ya mtu mwenye mpira mguuni. Mechi ina dakika 90, na ukijumlisha muda wote ambao winga ana mpira mguuni, haufiki hata dakika tano. Zilizobaki anacheza bila mpira. Kocha anayekuweka benchi huenda hana shaka kabisa na chenga zako, shaka yake iko kwenye hizo dakika nyingine. Hatumjui kocha wako, lakini hapo ndipo tungeanza kutafuta.

Mechi ijayo, ukiwa benchi, acha kuufuata mpira kwa macho. Mtazame huyo anayeanza kwenye nafasi yako. Timu ikipoteza mpira upande wake, anafanya nini katika sekunde tano za kwanza? Mawinga wengi wa mitaani wakipokonywa mpira husimama mikono kiunoni au humgeukia refa. Hapo beki wa kushoto wa wapinzani anapanda, beki wenu wa kulia anabaki peke yake na watu wawili, krosi inapigwa, goli. Uwanja mzima utamlaumu beki. Kocha anajua lilianzia wapi.

Mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja, tazama kama anabaki amesimama kwenye chaki au anaingia ndani. Anatakiwa aingie, mpaka awe kama mita 10 kutoka kwa beki wake na karibu na kiungo, ili pasi ya katikati isipate njia. Na akienda kukaba, tazama miguu yake. Winga mwenye mbio kama wewe ndiye anayepitwa kirahisi zaidi hapa, kwa sababu anafika kwa kasi ambayo hawezi kuizuia, na beki anamgusia mpira pembeni na kupita. Kinachotakiwa ni kukimbia kwa kujipinda kidogo, mwili wako uzibe pasi moja, halafu mita mbili kabla ya kumfikia upunguze mwendo, upige hatua fupi fupi na usimame ubavu. Sasa beki ndiye anayelazimika kuamua, na anaenda upande mlioutaka nyinyi.

Kuna na suala la kona na faulo. Wewe, timu yenu ikipigiwa kona, unamkaba nani? Kama jibu halikuji papo hapo, basi umepata sababu moja ya kuachwa benchi. Kocha anayeongoza 1-0 zikiwa zimebaki dakika kumi hatamwingiza mtu wa kuulizana na wenzake ndani ya kiboksi.

Ili usibishane na nafsi yako, tafuta ushahidi. Mwombe rafiki asimame mahali palipoinuka na akurekodi kwa simu katika mechi za kirafiki au mkigawanywa mazoezini. Mwambie akufuate wewe, hata mpira ukiwa mbali. Usiku chora safu nne kwenye karatasi: mipira uliyopokea ukaitunza, uliyopoteza, uliyopokonya, na mara ambazo ulitakiwa kurudi nyuma hukurudi. Mechi tatu zinatosha. Safu hiyo ya nne ndiyo inayouma, na ndiyo yenye faida kuliko zote.

Baada ya hapo, zungumza na kocha. Kumkabili mbele ya wenzako usithubutu, maana hata kama una haki atalazimika kulinda heshima yake, na wewe utakuwa umejifungia mlango. Usizungumze naye siku ya mechi, wala baada ya kufungwa, wala kwenye grupu la WhatsApp la timu. Chagua siku ya mazoezi ya kawaida, ufike mapema, umwambie hivi: "Kocha, naomba dakika tano baada ya mazoezi." Mkibaki wawili, muulize swali moja tu: "Nataka kugombea namba. Ni kitu gani kimoja nikirekebishe kwanza?" Ukianza na "mbona fulani anacheza na mimi sichezi," mtaishia kumjadili huyo fulani. Jina la mwenzako lisitoke kinywani mwako. Akikujibu, usijitetee hata kama unaona amekosea. Rudia maneno yake ili ahakikishe umemwelewa, mshukuru, kisha mwombe mkae tena kulitazama jambo hilo baada ya wiki nne. Akikujibu kwa jumla tu, "kaza buti," mwombe akutajie tukio moja la mechi fulani. Hapo ndipo picha zako za simu zitakapokufaa.

Sasa kazi ya wiki hizo nne. Pumzi ya winga haijengwi kwa kukimbia polepole hadi Mayungu na kurudi. Mchezo wako ni wa kuchomoka, kutulia, kuchomoka tena. Kimbia kwa nguvu sekunde 15, tembea sekunde 15, mara kumi, kisha pumzika dakika tatu. Hiyo ni seti moja. Wiki ya kwanza fanya seti mbili, baadaye tatu, siku mbili kwa wiki, na ya mwisho iwe saa 48 kabla ya mechi au zaidi. Ukiifanyia ufuoni, subiri maji yatoke ukimbie kwenye mchanga mgumu. Mchanga laini unaivuta mno mishipa ya kisigino na misuli ya nyuma ya mguu, na vijana wengi huumia wakidhani wanajijenga. Kwa kuwa ufuo umeinama kuelekea baharini, ukienda upande mmoja umbali fulani, rudi umbali huohuo, la sivyo mguu mmoja utabeba mzigo kuliko mwingine.

Kwa mpira wenyewe, tafuta ukuta. Simama mita tano, piga pasi 100 kwa kila mguu, mguso mmoja wa kutuliza na mmoja wa kurudisha. Kabla mpira haujagusa ukuta, geuza shingo utazame nyuma ya bega lako. Mwanzoni utakosea sana, endelea tu. Winga anayepokea mpira bila kujua nyuma kuna nani ndiye huyo anayepokonywa akimtegea mgongo beki. Krosi piga 20 kila baada ya mazoezi, ukilenga eneo lililo kati ya alama ya penalti, ambayo iko mita 11, na kiboksi kidogo cha mita 5.5. Mpira ukiangukia hapo kipa anasita kutoka na beki anasita kuupiga. Wakati wa kusi upepo hubeba mipira ya juu, kwa hiyo jifunze pia krosi ya chini chini.

Na hiyo bodaboda tunaiheshimu, ndiyo riziki yako. Lakini mtu aliyekaa juani tangu asubuhi akifika uwanjani ameshapungukiwa maji. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo moja uliyopungua ni karibu lita moja ya maji, nawe unatakiwa urudishe kama lita moja na nusu, kidogo kidogo hadi unalala. Beba chupa kwenye pikipiki unywe mchana kutwa, usingoje kiu. Kula chakula kizito kama muda wa saa tatu kabla ya mazoezi au mechi: wali, muhogo, viazi vitamu au chapati, na samaki. Vya mafuta mengi viache kwa baada. Muguka wa kukesha, yale majani ya kutafuna, nao unakula usingizi, na mwili hujijenga usingizini.

Hizo dakika kumi unazopewa nazo usizidharau. Wachezaji wa akiba wengi huingia mwili umepoa, wakataka kufunga kwa mpira wa kwanza, wakapotea. Misuli hupoa ndani ya robo saa, kwa hiyo kila baada ya dakika 10 inuka, kimbia pembeni, chomoka mara tatu. Kocha akikuita, muulize mambo matatu: nisimame wapi, nimkabe nani, kwenye kona niwe wapi. Mipira yako miwili ya kwanza icheze kirahisi, pasi fupi kwa mwenzako, kisha ndipo umshambulie beki aliyechoka. Ole Gunnar Solskjær wa Manchester United aliingia dakika ya 81 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 1999 dhidi ya Bayern Munich na akafunga goli la ushindi katika dakika za nyongeza. Alikuwa na sifa ya kuwasoma mabeki akiwa benchi, kuona nani anachelewa kugeuka na pengo liko wapi. Kazi hiyo haihitaji kocha akuruhusu.

Kuhama? Usihame kwa hasira. Maliza hizo wiki nne, mtazame tena na kocha. Ukiona anachokuambia hakibadiliki ilhali wewe umebadilika, au hakupi dakika hata kwenye mechi za kirafiki, basi hama dirisha la usajili likifunguliwa, kwa barua na kwa adabu. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusajiliwa na klabu tatu kwa msimu mmoja, lakini acheze mechi rasmi za klabu mbili tu. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma, na usikubali kuchezea timu nyingine kwa jina la mtu, hata iwe mechi moja ya kombe la mtaa. Mamluki akigunduliwa, anayefungiwa ni yeye.

SWALI: Mwanangu ana miaka 13, ni mdogo wa umbo. Kila Jumamosi nampeleka, na kila Jumamosi anakaa benchi hadi mwisho. Wazazi wengine wanasema nimpe kocha kitu kidogo. Nifanyeje?
Mama wa mchezaji, Shela, Malindi

JIBU: Usitoe, mama. Ukitoa leo, kesho mwenzako atatoa zaidi, na mtoto akijua atavunjika moyo kuliko anapokaa benchi.

Umri huo ni wa vurugu za mwili. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi wakiwa na miaka 13 au 14, ila si wote kwa wakati mmoja. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wako kundi moja, na pengine mmoja ameshabalehe. Kocha anayetaka kushinda Jumamosi atamchukua mkubwa. Kwa hiyo wewe nenda kwa kocha, baada ya mazoezi, umuulize kuhusu dakika: "Mwalimu, naomba mwanangu apate japo kipindi kimoja." Ni ombi la haki. Katika umri huu mechi ni sehemu ya mafunzo, na mtoto asiyecheza hajifunzi. Kama kocha hawezi, mtafutie pia mahali wanapocheza saba kwa saba, huko atagusa mpira mara nyingi zaidi na wembamba wake hautamponza sana.

Akianza kulalamika maumivu chini kidogo ya kifuniko cha goti, penye kinundu, usimwambie avumilie. Huwapata sana watoto wanaorefuka huku wakikimbia na kuruka. Apunguze mazoezi, awekewe barafu, na yakizidi apelekwe hospitali.

SWALI: Mimi ni kipa wa pili. Kipa wa kwanza haumii wala hafungiwi. Kuna njia yoyote?
Kipa, Maweni

JIBU: Nafasi yako ni ngumu kuliko ya winga, maana kipa habadilishwi ovyo. Omba mechi za kirafiki zote, au kipindi cha pili cha kila moja. Kisha kuwa bora kwa jambo ambalo mwenzako hana. Mara nyingi ni kucheza mpira kwa miguu, au ni kutoka kuifuata krosi. Mazoezini simamisha wachezaji wawili mbele yako wakusukume kidogo huku mwenzako akipiga kona 15 upande huu na 15 upande ule. Piga kelele "yangu!" kabla ya kuruka, na goti moja liwe juu likukinge.

Jifunze pia sheria mpya iliyoanza Julai 2025: kipa akishika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Refa huhesabu sekunde tano za mwisho kwa kuonyesha vidole. Zoea kuamua unampa nani mpira kabla haujatua mikononi.