London bila gari

Swali: Nitatembelea London siku nne, sitakodi gari. Ninunue tiketi gani?

Jibu: Huna haja ya tiketi. Gusisha kadi ya benki kwenye geti la treni, kuingia na kutoka. Ukisahau kutoka, utakatwa nauli ya juu kabisa. Kwenye basi gusisha unapopanda tu. Humo pesa taslimu hazipokelewi tangu 2014. Shikilia kadi ileile: ukichanganya na kulipa kwa simu, mfumo unakuhesabu watu wawili, na kikomo cha nauli ya siku (ukikifikia, hukatwi zaidi) hukifikii. Benki yako ikitoza ada ya fedha za kigeni, nunua Oyster, kadi ya kulipia usafiri wa London. Kutoka kituo cha Leicester Square hadi cha Covent Garden nenda kwa miguu. Ni mita 260 hivi, treni ya nini?